Je, Kwenda Ziwani kwa Matembezi ni Kumjaribu Mungu?

Maandiko ya kusoma nyumbani: Kutoka 17:1-7, Mathayo 4:5-7, Mathayo 14:22-33, Matendo ya Mitume 27

Juma hili nimeombwa niandike juu ya swali lililotoka kwa vijana, na ambalo wazazi nao wamelibeba mpaka kwenye ibada za nyumbani. Mkristo akienda ziwani, si kwa uvuvi, si kwa biashara, wala si kwa mkutano wa injili, bali kwa matembezi tu, kutembea kwa miguu ufuoni, kulala kwenye hema, kupiga kasia, kuvuka hadi kisiwani, na ziwa lenyewe ni hili letu lenye upepo na mamba, je, huyo anafurahia kazi ya mikono ya Mungu au anamjaribu Mungu?

Tuliposoma tangazo la kambi ya vijana kule Kakuma, mama mmoja mzaliwa wa Kongo alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwalimu, mnatoa watoto kambini mnawapeleka kambi?" Kanisa lote likacheka naye, maana tangu mwaka wa 1992 neno hilo kwa watu wa Kakuma lina maana moja, na si ya starehe. Lakini alipomaliza kucheka alisema neno la pili, na hilo halikuchekwa. Yeye alivuka Ziwa Tanganyika usiku na watoto wawili kwa sababu nyuma kulikuwa na bunduki. Sasa mtu aliye salama kwao anatafuta maji makali kwa raha yake? Huyo ana shida gani?

Sitaki kumjibu mama huyo haraka. Wengi wetu tumezoea kujibu maswali ya hatari kwa mstari mmoja wa Biblia na "Amina" tatu, halafu tunaendelea na nyimbo.

Kwanza niondoe njiani jambo dogo. Raha yenyewe si dhambi. Bwana wetu alipanda milimani peke yake, alilala mashuani kichwa kikiwa juu ya mto, na baada ya kufufuka aliwasha moto wa makaa ufuoni akawachomea wanafunzi samaki kwa kiamsha kinywa. Kijana wa Lodwar ambaye maisha yake yote ni vumbi, mathenge na foleni ya maji, akikaa jioni pale Longech akaona jua linashuka upande wa bara na maji yakibadilika kutoka kijani kuwa fedha, anamshukuru Muumba bila kuambiwa na mtu. Wazee wa Kiturkana watamcheka kidogo, kwamba analipa pesa alale nje ilhali wao wamelala nje tangu kuzaliwa. Wana haki ya kucheka. Lakini kucheka si kukataza.

Shida ni hatari. Na hapa lazima tuseme ziwa lilivyo, kwa sababu wengi wa wanaobishana juu yake hawajawahi kutoka Lodwar kwenda Kalokol, ingawa ni kilomita sitini hivi tu.

Ghuba ya Ferguson imekingwa na ulimi wa mchanga wa Longech. Ndani ya ghuba maji ni ya kina kifupi, na mtu anaweza kudanganyika akafikiri ziwa lote liko hivyo. Ukitoka nje ya ule mchanga umeingia kwenye maji yenye urefu wa zaidi ya kilomita mia mbili, ziwa kubwa kuliko yote duniani katika majangwa. Mto Omo unaleta sehemu kubwa ya maji yake, na hakuna mto unaotoka. Upepo wa kusini-mashariki unapita kwenye bonde lililo kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia kama hewa inayosukumwa kwenye bomba, na nguvu yake ni kubwa hasa usiku na asubuhi. Mbele yako ni Kisiwa cha Kati, mlima wa volkano wenye maziwa matatu madogo ndani yake, hifadhi ya taifa tangu 1983, na mamba wanazaliana humo. Kwa boti ya injini ni mwendo wa saa moja hivi kama maji yametulia. Kama hayajatulia, mwendo wake haupimwi kwa saa.

Na ufuo wenyewe hausimami mahali pamoja. Wazee wa Kalokol wanakuonyesha kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980, na katikati ya miaka hiyo hiyo ghuba ikakauka, samaki wakaenda na maji. Miaka hii ya karibuni mambo yamegeuka, maji yamepanda, yamemeza nyumba na mikoma. Mwenye kujua njia ya mwaka juzi hajui njia ya leo. Ni lazima umuulize mtu aliyepita hapo jana.

Tuje sasa kwenye neno lenyewe, kumjaribu Mungu. Tunalitumia ovyo. Mtu akipanda pikipiki bila kofia tunasema anamjaribu Mungu. Akila samaki aliyelala tunasema anamjaribu Mungu. Huo ni uzembe tu, na uzembe una jina lake. Maandiko yanaposema kumjaribu yana kitu mahususi.

Shetani alimpandisha Bwana juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajitupe, na akamtolea Zaburi ya 91, ile ile tunayoiombea safari. Angalieni hilo kwa makini: andiko lilikuwa la kweli na ahadi ilikuwa ya kweli. Bwana hakusema kwamba malaika hawapo. Alijibu kwa neno la Kumbukumbu la Torati 6:16, na mstari ule unarudisha nyuma mpaka Masa, katika Kutoka 17. Pale Masa watu walikuwa na kiu ya kweli, kwenye nchi kame kama hii yetu, na kuomba maji hakukuwa kosa. Kosa lililoandikwa ni kwamba waliuliza kama BWANA yuko kati yao au hayuko. Yaani walimwekea Mungu mtihani: fanya hili ndipo tujue upo.

Kwa hiyo kumjaribu Mungu hakuhesabiwi kwa ukubwa wa hatari. Mtu anaweza kuingia kwenye hatari kubwa sana bila kumjaribu Mungu hata kidogo, na mwingine akamjaribu akiwa amekaa sebuleni. Anamjaribu yule anayepanga mambo ili Mungu alazimike kujionyesha.

Nina sababu ya kusema hivi, maana nililisikia kwa masikio yangu pale ufuoni.

Likizo ya Agosti tulikuwa vijana ishirini na wawili na viongozi watatu. Tulilala usiku wa kwanza Longech, na hema mbili zilibebwa na upepo tukazifukuza gizani kama mbuzi. Asubuhi tulipaswa kuvuka hadi kisiwani. Nahodha wetu, mzee mvuvi ambaye si wa kanisa letu na sidhani ni wa kanisa lolote, alisimama akaangalia nje ya mchanga kwa muda, akatema mate, akasema leo haendi. Upepo wa usiku haujakata.

Tukangoja. Saa mbili, saa tatu. Vijana wakaanza kuimba, kisha wakaanza kuomba, na kwenye maombi sauti zikapanda. Ndugu mmoja, kijana mwenye bidii ambaye nampenda sana na ambaye atalisoma gazeti hili, akasimama akasema, "Mwalimu, Petro alitembea juu ya maji. Sisi tuna boti. Twende, ili hawa watu wa Kalokol wajue Mungu wetu ni Mungu." Wengine wakapiga makofi.

Mzee nahodha hakujibu habari za Petro. Aliniuliza mimi, "Mwalimu, jaketi ziko ngapi?" Zilikuwa kumi na nne.

Nikawaambia hatuendi.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana nataka kisemwe kama kilivyotokea. Mnamo saa nne upepo ulikata. Ziwa likalala kama sahani. Lilikaa hivyo karibu siku nzima, na boti nyingine mbili zikaenda zikarudi salama na watu wao wakiimba. Yule ndugu akaniangalia. Hakusema kitu, lakini kila mtu alisikia. Mzee alisema tu kwamba upepo ungeweza kurudi wakati sisi tuko kisiwani, na hakurudia. Wiki ile Lodwar maneno yalienda mbali: kwamba viongozi hawana imani, kwamba pesa za wazazi zililiwa na mchanga.

Ningekuwa nahubiri hadithi ya kutunga, ningewaambia zile boti mbili zilizama. Hazikuzama, namshukuru Mungu, na bado nasema haikuwa sawa sisi kuvuka asubuhi ile. Uamuzi unapimwa kwa kile kilichojulikana wakati wa kuamua. Tulichojua ni kwamba mwenye kuijua njia amekataa, jaketi hazitoshi, watoto ni wa watu, na sababu tuliyopewa ya kwenda ilikuwa kuwaonyesha watu wa Kalokol. Hiyo sababu ya mwisho ndiyo Masa yenyewe. Maji yangekuwa matulivu tangu alfajiri, na jaketi zingekuwa mia, sababu ile bado ingekuwa mbaya.

Habari za Petro tuzimalize. Petro hakuruka kutoka mashuani kwa sababu alijisikia moto. Aliomba aamriwe kwanza, akaamriwa, ndipo akashuka. Wale kumi na mmoja waliobaki mashuani hawakukemewa kwa kubaki. Sisi pale ufuoni nani aliamriwa? Nimeuliza swali hilo mara nyingi na bado hakuna aliyesema ni yeye.

Lakini ndugu mwingine, msomaji mzuri wa Neno, alinishika kwenye jambo gumu zaidi, na ninamheshimu kwa hilo. Alisema, "Mwalimu, wewe unasema tumsikilize nahodha. Katika Matendo 27 akida alimsikiliza nahodha na mwenye merikebu, akamwacha Paulo, na merikebu ikapotea. Mtumishi wa Mungu alikuwa sahihi na fundi wa bahari alikosea."

Ni kweli kabisa, na ukisoma sura ile polepole utaona mambo yanavyokaa. Nahodha na mwenye merikebu walitaka kuondoka kwa sababu bandari haikufaa kukaa wakati wa baridi, na wengi wakaunga mkono. Halafu upepo wa kusi ukavuma kidogo kidogo, wakadhani wamepata walichotaka. Aliyesema tusiende ni mtu wa Mungu. Na huyu mtu wa Mungu hakuwa mgeni baharini: katika 2 Wakorintho 11 anasema amevunjikiwa jahazi mara tatu na kukaa kilindini usiku na mchana, na alipoandika hivyo safari hii ya kwenda Rumi ilikuwa bado. Kwa hiyo pale wa kiroho ndiye aliyeshika tahadhari, na wa pesa ndiye aliyeshika haraka. Mimi simfuati nahodha kwa sababu ni nahodha. Akiniambia twende kwa sababu anataka nauli, nitamuuliza maswali yale yale. Fundi anayekataa pesa ili asikuue, huyo msikilize mara mbili.

Kuna mstari mwingine humo ninaoupenda zaidi. Malaika alikwisha kumwambia Paulo kwamba wote waliomo, watu 276, wataokoka. Ahadi imetolewa, imesemwa mbele ya wote. Kisha mabaharia wakajaribu kutoroka na mashua, na Paulo huyo huyo mwenye ahadi akamwambia akida kwamba wale wasipobaki melini hakuna atakayeokoka. Ahadi ya malaika haikumfanya aone mabaharia hawahitajiki. Mwishowe wengine walifika pwani wakiogelea na wengine juu ya mbao. Mbao zile ndizo jaketi za siku zile.

Sasa nimrudie mama wa Kakuma. Alikuwa anagusa jambo ambalo sisi wahubiri tunalipita: hatari anayoichagua mtu na hatari inayomchagua mtu si ndugu. Yeye alibeba watoto kwenye maji kwa sababu nchi kavu ilikuwa mbaya zaidi. Hakuna aliyelipishwa kwa raha yake. Lakini mtu wa matembezi akizama, wengine wanalipa. Nahodha ana nyumba. Wavuvi wanaacha nyavu kwenda kutafuta mwili. Mama fulani Lodwar anapigiwa simu.

Mwaka wa 1934 Mwingereza Vivian Fuchs alileta msafara wa wanasayansi kwenye ziwa hili, wakati lilipoitwa Rudolf. Wenzake wawili, Martin na Dyson, walivuka kwa boti hadi Kisiwa cha Kusini, mbali sana na hapa kwetu, wakapime na kuchunguza. Hawakurudi. Walitafutwa, na miili yao haikupatikana mpaka leo. Fuchs mwenyewe aliishi, na miaka ya 1957 na 1958 aliongoza msafara uliovuka bara lote la barafu la Antaktika. Hawakuwa wapumbavu wale, wala hawakuwa wanacheza. Walikuwa na sababu nzuri, na maji hayakuwauliza sababu. Ndiyo maana sikubali hoja ya kwamba kwa kuwa kambi yetu ni ya kanisa basi ziwa litatutambua.

Na mfano wa starehe upo karibu zaidi. Novemba 2018 boti ya burudani ilizama Ziwa Victoria upande wa Mukono, Uganda, watu wakiwa kwenye muziki na vinywaji. Zaidi ya watu thelathini walikufa. Wahubiri wengine walisema ni kwa sababu ya pombe na dansi. Boti ilikuwa imejaza kupita kiasi. Mimi ninaogopa sana mahubiri yanayogeuza uzito wa abiria kuwa adhabu ya Mungu, kwa sababu yanatufundisha kwamba waimbaji wa sifa wakijaza boti vile vile haitazama.

Mpaka hapa nafikiri wazazi wengi wanakubaliana nami na wanatikisa kichwa kwa furaha. Basi nilete lile linalonisumbua mimi, ambalo lilitoka kwa dada mmoja wa kwaya, binti wa mvuvi.

Aliniuliza, "Mwalimu, na baba?"

Baba yake hutoka kila usiku. Boti ya mbao, watu wanne, hakuna jaketi hata moja. Wengine kule bado wanatumia magogo ya mkoma yaliyofungwa pamoja, mtu anakaa juu miguu iko majini, hapo hapo kwenye mamba. Wageni wengine huja na kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa plastiki wa mtu mmoja, na hata hao huja wamevaa jaketi na kofia. Baba yake ana fulana. Na kila mwaka tunaenda Kalokol kubariki boti, tunapaka mafuta, tunaomba ukuta wa moto, tunapokea sadaka ya samaki, tunarudi. Vijana wetu walipokosa jaketi nane tulisema ni kumjaribu Mungu. Baba yake akikosa, tunasema ni mtu wa imani.

Nilimjibu kwamba baba yake hamjaribu Mungu, maana haendi ili Mungu ajionyeshe, anaenda ili wale. Jibu hilo ni sahihi na nalisimamia. Alisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Sawa, Mwalimu. Lakini maji ni yale yale."

Hapo ndipo nilipoona kwamba swali la vijana lilikuwa na upande wa pili ambao hakuna mzazi aliyeuleta. Tulibishana miezi miwili kama watoto wetu wanaruhusiwa kugusa hatari kwa siku moja, na katika miezi hiyo yote hakuna aliyetaja watu wanaolala juu yake mwaka mzima na wanaokaa viti vya nyuma siku ya Jumapili. Kama andiko la Mathayo 4 lina nguvu ya kumzuia kijana asivuke bila jaketi, basi lina nguvu ya kutuuliza sisi tunaopaka mafuta boti isiyo na jaketi tunamwachia nani sehemu yetu. Ni rahisi sana kumwomba Mungu alinde mtu kwa kitu ambacho mimi ningeweza kununua.

Kambi ya Desemba itafanyika. Tutatembea, tutalala Longech, tutafunga hema kwa mawe safari hii, na kisiwani wataenda wale ambao jaketi zinawatosha, kwa zamu, kama mzee atakubali siku hiyo. Asipokubali tutakaa ufuoni na kusoma Matendo 27. Yule ndugu wa Petro nimemwomba awe ndiye wa kumwendea mzee alfajiri na kumuuliza habari za upepo, na amekubali, ingawa kwa uso mrefu.

Pesa ya boti iliyobaki Agosti bado iko kwa mhazini. Vijana wameandika barua wakiomba, pamoja na mchango wao, inunue jaketi za wavuvi wa ushirika wetu wa Kalokol, tukianza na boti ya watu wanne. Wazee wengine wanasema sadaka si ya kununulia vifaa vya kazi za watu, na kwamba tukianza na wavuvi, wa bodaboda nao watataka kofia. Kikao ni Alhamisi hii baada ya maombi ya mchana. Kura yangu wanaijua.